Claude Monet na mtoto wa jicho: miaka kumi ya kuogopa upasuaji

Mtoto wa jicho ni ugonjwa unaofanya lenzi iliyo ndani ya jicho ipoteze uangavu wake na kuwa na ukungu. Ndio ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, ingawa unatibika kwa upasuaji. Hata hivyo, watu wengi huishi nao kwa miaka mingi bila kutibiwa. Wengine hukosa huduma karibu nao au hukosa pesa. Wengine huduma ipo, lakini wanaogopa.

Hofu hiyo si ya watu wasiosoma peke yao, wala si ya watu wa kawaida peke yao. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, mmoja wa wachoraji mashuhuri kuliko wote katika historia ya Ulaya, aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912. Alikubali kufanyiwa upasuaji mwaka 1923. Makala hii inaeleza maisha yake, kilichotokea katika miaka hiyo, na nini kimebadilika tangu wakati huo.

Kijana wa Le Havre

Claude Monet alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba 1840. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi familia yake ilihamia Le Havre, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa, na baba yake akaingia katika biashara ya jamaa zao waliokuwa wakiuza bidhaa za dukani na za melini. Mtoto alikua akitazama bahari, meli, mawingu na ukungu wa asubuhi. Shuleni hakutulia sana. Alipenda kuchora vikatuni vya watu wa mjini, na akiwa bado kijana watu walianza kuvinunua.

Mama yake alifariki mwaka 1857. Katika miaka hiyohiyo alikutana na mchoraji Eugène Boudin, ambaye alimfundisha jambo ambalo wachoraji wengi wa wakati huo hawakulifanya: kutoka nje na rangi zake na kuchora palepale, mbele ya bahari na anga, badala ya kukaa chumbani na kuchora kwa kukumbuka. Tangu hapo Monet alijifunza kutazama mwanga. Aliona kwamba ukuta mmoja hauna rangi moja. Asubuhi una rangi yake, mchana ina nyingine, na jua linapozama inabadilika tena.

Mwaka 1861 alipelekwa Algeria kutumikia jeshi, akaugua homa ya matumbo na kurudishwa nyumbani mwaka uliofuata. Alikwenda Paris kuendelea na masomo ya uchoraji, na huko akapata marafiki vijana wenzake: Auguste Renoir, Alfred Sisley na Frédéric Bazille.

Jina lililoanza kama dhihaka

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Monet alimwoa Camille Doncieux mwaka 1870, baada ya kuzaa naye mtoto wao wa kwanza, Jean. Mwaka huohuo vita kati ya Ufaransa na Prussia vilianza. Monet alikimbilia London na familia yake. Rafiki yake Bazille aliingia jeshini na akauawa vitani.

Baada ya vita Monet na wenzake walichoka kukataliwa na maonyesho rasmi ya serikali, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiamua nani ni mchoraji na nani si mchoraji. Mwaka 1874 walifanya maonyesho yao wenyewe katika jengo lililokuwa studio ya mpiga picha Nadar, mjini Paris. Monet alipeleka picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, yenye jua jekundu katikati ya ukungu, aliyoiita kwa neno lenye maana ya taswira inayomjia mtu kwa mara moja. Mwandishi mmoja wa gazeti alilichukua neno hilo na kuwakejeli wachoraji wote, akiwaita Waimpreshonisti, kana kwamba hawajui kumaliza kazi. Wenyewe wakalikubali jina. Leo maonyesho hayo yanahesabiwa kuwa moja ya nyakati zilizobadilisha kabisa sanaa ya Ulaya.

Dhihaka ilipita lakini umaskini haukupita haraka. Camille alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 32, akamwachia watoto wawili wa kiume, Jean na Michel. Monet alimchora akiwa kitandani pa mauti. Miaka mingi baadaye alimweleza rafiki yake kwamba, hata katika uchungu ule, macho yake yalikuwa yakifuatilia yenyewe jinsi rangi zilivyokuwa zikibadilika katika uso wa mkewe. Macho yalikuwa kazi yake, na hakuweza kuyazuia.

Bustani ya Giverny

Mwaka 1883 Monet alihamia kijiji cha Giverny, katika jimbo la Normandy. Aliishi huko hadi mwisho wa maisha yake, pamoja na Alice Hoschedé, ambaye alimwoa mwaka 1892, na watoto wa pande zote mbili. Sasa picha zake zilianza kuuzwa vizuri. Alichora kitu kilekile mara nyingi katika saa na majira tofauti: vichuguu vya nyasi na nafaka mashambani, kisha uso wa kanisa kuu la mji wa Rouen. Nyumba aliyokuwa akipanga aliinunua, akapanda bustani, na mwaka 1893 akanunua kipande kingine cha ardhi na kuchimba bwawa. Juu ya bwawa alijenga daraja la mtindo wa Kijapani, na ndani yake akapanda mayungiyungi.

Bwawa hilo likawa kazi ya maisha yake yaliyobaki. Alichora maji, maua yanayoelea, na kivuli cha mawingu juu ya maji. Ni kazi inayohitaji jicho linaloweza kutofautisha bluu na zambarau, kijani kibichi na kijani kilichofifia.

Macho yalianza kumsumbua katika umri wa miaka ya sitini. Alice alifariki mwaka 1911, na Monet akakaa muda bila kuchora. Mwaka uliofuata aligundua kwamba jicho lake la kulia halioni karibu chochote. Daktari wa macho alimwambia kwamba ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwamba la kulia limekomaa zaidi. Ushauri ulikuwa upasuaji. Monet alikataa.

Mtoto wa jicho ni nini?

Nyuma ya mboni, yaani ule mduara mweusi katikati ya jicho, kuna lenzi. Lenzi hii ni angavu kama kioo safi, na kazi yake ni kuukusanya mwanga ili picha itue sawasawa nyuma ya jicho. Lenzi imejengwa kwa maji na protini. Mtu anapozeeka, protini hizo hubadilika na kushikana, na lenzi huanza kuwa na ukungu. Huo ukungu ndio mtoto wa jicho. Si utando ulioota juu ya jicho, na hautoki kwa kuoshwa wala kwa kuwekewa dawa ya matone.

Uzee ndio chanzo kikuu, lakini kuna mambo mengine yanayoongeza hatari:
- kisukari
- uvutaji wa sigara
- jua kali la miaka mingi bila kukinga macho
- jicho kuumia
- kutumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi.

Monet alikuwa mzee, alivuta sigara kwa wingi maisha yake yote, na kwa zaidi ya miaka 50 alifanya kazi nje juani akitazama mng'aro wa maji. Hakuna anayeweza kusema ni kipi kati ya hivyo kilichangia kwa kiasi gani. Lakini vyote vitatu vimo katika orodha ya leo.

Mtoto wa jicho hauumi na huja polepole, na ndiyo maana wengi huchelewa kuugundua. Lenzi haiwi na ukungu tu, pia hugeuka kuwa ya manjano, kisha ya kahawia. Lenzi ya namna hiyo huzuia mwanga wa bluu na zambarau usipite. Mgonjwa huona dunia kana kwamba anatazama kupitia chupa ya kahawia. Kwa kuwa mabadiliko huja kidogo kidogo, ubongo huzoea, na mtu hudhani kwamba rangi zenyewe ndizo zimefifia.

Kwa nini aliogopa?

Ni rahisi kumlaumu Monet leo, lakini hofu yake ilikuwa na msingi. Upasuaji wa mtoto wa jicho wa wakati ule ulihitaji jeraha kubwa jichoni. Antibiotiki hazikuwepo, na jicho likipata maambukizi lingeweza kupotea kabisa. Lenzi ilitolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake, hivyo mgonjwa alilazimika kuvaa miwani minene sana.

Zaidi ya hayo, alikuwa na mifano karibu yake. Mchoraji Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa na aliyekuwa mmoja wa Waimpreshonisti, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho zaidi ya mara moja na hakupata nafuu. Ilimbidi aache kuchora. Monet alijua habari hiyo. Kwake, kuona vibaya kulikuwa bora kuliko kuhatarisha kidogo alichobaki nacho.

Kwa hiyo alitafuta njia za kuishi na tatizo. Alivaa kofia pana ya ukindu kukinga mng'aro wa jua. Alipanga rangi zake kwa mpangilio uleule kila siku kwenye kibao cha kuchanganyia, na alisoma majina yaliyoandikwa kwenye mirija ya rangi ili asikosee. Aliepuka kufanya kazi saa za mchana, jua linapokuwa kali. Wagonjwa wengi wa leo hufanya vivyo hivyo: huacha kuendesha gari usiku, husogea karibu na dirisha wanaposoma, huomba mjukuu awahesabie pesa. Mbinu hizo husaidia kwa muda. Pia huficha ukubwa wa tatizo, kwa mgonjwa mwenyewe na kwa familia.

Vita, amani na zawadi

Mwaka 1914 ulimletea Monet msiba mwingine. Mwanawe Jean alifariki Februari. Blanche, binti wa Alice ambaye pia alikuwa mjane wa Jean, alihamia kwa mzee na kumtunza kwa miaka yote iliyobaki.

Aliyemrudisha Monet kazini ni rafiki yake wa siku nyingi, Georges Clemenceau. Clemenceau alikuwa mwanasiasa mkubwa, lakini kabla ya siasa alisomea udaktari. Alimhimiza Monet aanze kazi aliyokuwa ameiota muda mrefu: michoro mikubwa mno ya bwawa, ya kumzunguka mtazamaji pande zote. Agosti mwaka huo Ufaransa iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Michel, mtoto wake aliyebaki, alikwenda vitani. Monet alikataa kuhama Giverny. Alijengewa studio kubwa na akaendelea kuchora.

Clemenceau alikuwa waziri mkuu tangu mwaka 1917 na ndiye aliyeiongoza Ufaransa hadi vita vilipokwisha. Silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Siku iliyofuata Monet alimwandikia kwamba anataka kulipatia taifa picha zake mbili, kama mchango wake katika ushindi na amani. Baada ya mazungumzo ya miaka kadhaa, zawadi ya picha mbili ikawa mradi mzima wa vyumba viwili vyenye umbo la yai katika jengo la Orangerie, katikati ya Paris. Mkataba wenye muda maalumu wa kukabidhi ulitiwa saini Aprili 1922.

Mzee wa miaka 81 alikuwa ameahidi zawadi kubwa kwa nchi yake, na macho yalikuwa yakimwacha. Picha za daraja la bwawani alizochora katika miaka hiyo zinaonyesha hali ilivyokuwa. Bluu na kijani vimepungua sana, na mahali pake pamejaa nyekundu, kahawia na machungwa, kwa mistari minene iliyopishana. Wapo wanaozipenda sana picha hizo leo, na haziwezi kuelezwa zote kwa ugonjwa. Lakini Monet mwenyewe aliteseka nazo. Turubai kadhaa aliziharibu kwa hasira.

Septemba 1922 alikwenda Paris kwa daktari wa macho Charles Coutela. Jicho la kulia lilibaki na uwezo wa kutofautisha mwanga na giza tu. La kushoto lilikuwa na sehemu moja ya kumi ya uwezo wa kawaida. Coutela alimpa matone ya kupanua mboni ili mwanga upite pembezoni mwa ukungu. Kwa siku chache Monet alifurahi. Nafuu haikudumu, kwa sababu matone hayaondoi mtoto wa jicho.

Siku za upasuaji

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Clemenceau hakumficha Monet ukweli wala hakumcheka kwa kuogopa. Alirudia kumweleza, kama rafiki na kama mtu aliyesoma tiba, kwamba bila upasuaji kazi yake haitakwisha. Hatimaye Monet alikubali.

Upasuaji wa jicho la kulia ulifanyika Januari 1923 katika kliniki ya Neuilly, pembeni mwa Paris. Ulikuwa wa hatua mbili katika mwezi huo: kwanza kukata sehemu ya utando wenye rangi unaozunguka mboni, kisha kutoa lenzi. Monet alikuwa na miaka 82.

Baada ya hapo alitakiwa kulala chali kwa siku kadhaa bila kutikisika, kichwa kikizuiwa kwa mifuko ya mchanga, macho yamefungwa. Mishono ya wakati ule haikuwa imara, na mtikisiko mdogo ungeweza kufungua jeraha. Monet alikuwa mgonjwa mgumu. Alitapika, alifadhaika, alijaribu kuvua bandeji. Miezi iliyofuata utando mwembamba uliokuwa umebaki nyuma ya lenzi uliingia ukungu, na mwezi Julai ikabidi afanyiwe upasuaji mwingine, safari hii huko Giverny.

Kuona tena, lakini si kama zamani

Wengi hudhani kwamba baada ya upasuaji kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Kwa Monet haikuwa hivyo. Kwa kuwa hakuwa na lenzi, alivaa miwani minene iliyokuza vitu na kuipinda mistari iliyonyooka. Jicho lililotibiwa liliona vitu vikubwa, lingine vikiwa katika ukubwa wa kawaida, na ubongo haukuweza kuziunganisha picha hizo mbili. Ilimbidi afunike jicho moja ili lingine lifanye kazi.

Rangi nazo zilimchanganya. Wakati fulani aliona vitu vikiwa na umanjano kupita kiasi. Kisha akalalamika kwamba kila kitu ni bluu. Sababu ya bluu inaeleweka: kwa miaka mingi lenzi ya kahawia ilikuwa imeuzuia mwanga huo, na sasa uliingia bila kizuizi. Madaktari walimjaribishia miwani ya aina mbalimbali, mingine yenye vioo vya rangi.

Alikata tamaa na kujuta. Alikataa katakata jicho la kushoto lisiguswe. Mwanzoni mwa mwaka 1925 alitaka hata kuifuta zawadi aliyoiahidi taifa, na Clemenceau akamkasirikia kiasi cha urafiki wao kukaribia kuvunjika.

Lakini katika mwaka huohuo hali ilibadilika. Daktari mwingine wa macho, Jacques Mawas, alikuwa ameshamshughulikia, na kwa miwani iliyofaa zaidi Monet alianza kuona rangi kwa namna aliyoiamini. Alirudi kazini kwa furaha. Alizitazama upya turubai alizochora akiwa na ukungu machoni. Nyingine alizirekebisha, nyingine alizichoma.

Claude Monet alifariki Giverny tarehe 5 Desemba 1926, akiwa na miaka 86, kwa saratani ya mapafu. Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi Clemenceau hakukubali jeneza la rafiki yake lifunikwe kitambaa cheusi, akatafuta kitambaa chenye maua. Tarehe 17 Mei 1927 vyumba vya Orangerie vilifunguliwa kwa umma. Humo kuna michoro minane ya mayungiyungi, kila mmoja ukiwa na kimo cha karibu mita 2, na kwa pamoja ikikaribia urefu wa mita 100. Bado ipo hapo, na watu hutoka duniani kote kwenda kuitazama.

Nini kimebadilika tangu wakati wa Monet?

Karibu kila kitu alichokiogopa Monet kimebadilika.

- Lenzi ya bandia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Harold Ridley wa Uingereza aliona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuleta madhara makubwa. Mwaka 1949, London, alimwekea mgonjwa lenzi ya kwanza iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Leo lenzi ya bandia huwekwa mahali pa ile iliyotolewa, na mgonjwa hahitaji miwani minene ya aina ya Monet. Wengi huhitaji miwani ya kawaida tu, hasa ya kusomea.
- Jeraha dogo. Jicho hufunguliwa kwa tundu dogo, na mara nyingi halihitaji kushonwa.
- Maumivu. Jicho hutiwa ganzi kwa matone au sindano. Mgonjwa mara nyingi huwa macho, na upasuaji wenyewe kwa kawaida hauzidi saa moja.
- Kulazwa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.
- Ukungu unaorudi. Utando wa nyuma ya lenzi bado unaweza kuingia ukungu miezi au miaka baadaye, kama ilivyomtokea Monet. Siku hizi huweza kuondolewa kwa mwanga wa leza kliniki, bila kisu.

Upasuaji wowote una hatari zake, na huu pia unazo, kama maambukizi au uvimbe ndani ya jicho. Hatari hizo ni chache, na daktari anapaswa kukueleza kabla hujakubali. Uliza maswali yako yote. Kuuliza si utovu wa adabu.

Ukiona dalili hizi, nenda ukapimwe

- Unaona ukungu, hata baada ya kubadilisha miwani.
- Rangi zimefifia au zimekuwa za manjano au kahawia.
- Taa za magari usiku zinakuumiza macho au zina miduara ya mwanga.
- Unahitaji mwanga mwingi zaidi kusoma au kushona kuliko zamani.
- Unaona kitu kimoja kama viwili kwa jicho moja.
- Mboni imeanza kuonekana nyeupe au ya kijivu. Kwa mtoto mdogo, dalili hii isisubiri hata wiki, kwa sababu jicho la mtoto lisipotibiwa mapema linaweza lisijifunze kuona.

Si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Shinikizo la jicho na madhara ya kisukari pia hupunguza uwezo wa kuona, na uoni uliopotea kwa shinikizo la jicho haurudi. Ni vipimo tu vitakavyoonyesha una tatizo gani. Usitie jichoni maji ya majani, asali, wala dawa aliyopewa mtu mwingine.

Kuambiwa una mtoto wa jicho hakumaanishi lazima upasuliwe kesho. Kama bado unaona vizuri vya kutosha kwa kazi zako, daktari anaweza kukushauri usubiri huku akikufuatilia. Lakini kusubiri kwa ushauri wa daktari ni tofauti na kujificha. Mtoto wa jicho uliokomaa sana ni mgumu zaidi kuutoa, na mzee asiyeona huanguka kwa urahisi.

Ukishafanyiwa upasuaji, tumia matone uliyopewa hadi mwisho, usisugue jicho, na uende siku zote ulizopangiwa. Rangi zikionekana tofauti au za bluu zaidi kwa muda, usishtuke. Lakini jicho likiuma sana, likiwa jekundu zaidi, au uoni ukipungua ghafla, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na kama mgonjwa si wewe bali ni mzazi au jirani yako, mwulize anaogopa nini hasa, na umsikilize hadi mwisho. Kisha mweleze ukweli, msindikize kliniki, na uendelee kuwa naye katika wiki za baada ya upasuaji. Huenda zikawa ngumu kuliko alivyotarajia, kama zilivyokuwa kwa Monet.